Ngazi Niliyomshikia Nyapara

Kwenye majukwaa ya kampeni walikuwa wakinitambulisha kama mtu wa reli. "Huyu mwenzenu amebeba mataruma begani," mshereheshaji alikuwa akisema, watu wanapiga makofi, nami nainua mkono kana kwamba bega bado linauma. Sikuwahi kumsahihisha. Taruma nimelibeba, ndiyo, pengine mara sita maishani, na kila mara nilikuwa nyuma ya mtu mwenye nguvu kunizidi. Kazi yangu reli, kwa miaka tisa, ilikuwa kusimama.

Nilikuwa mshika bendera wa genge. Genge la njia ni watu kama kumi na wawili pamoja na nyapara wao, na kazi yao ni kukaza vyuma, kung'oa mataruma yaliyooza na kupigilia kokoto chini ya yale mapya ili reli isilale upande. Kazi hiyo hufanywa kwa kuinama. Mtu aliyeinama na sururu mkononi, akipiga kwa mpigo mmoja na wenzake, haioni treni, na kelele zake mwenyewe zinamzuia kuisikia. Kwa hiyo watu wawili hutangulizwa, mmoja mbele na mmoja nyuma, kila mmoja na bendera zake na pembe ya kupuliza. Treni ikitokea unamwonyesha dereva nyekundu, unawapulizia wenzako, wanatoka njiani. Isipotokea, unasimama juani na kuwaza ya kwako.

Nyapara wetu alikuwa mtu wa Newala, mfupi, mwenye chale za kizamani mashavuni na sauti ya chini iliyomlazimisha kila mtu anyamaze ili amsikie. Alikuwa na amri moja aliyoishika kuliko zote: genge halinyanyui kichwa. Mtu anayechungulia treni kila dakika anamvuruga mwenzake, na nyundo inakwenda isikotakiwa. "Kuangalia ni kazi ya mtu mmoja," alikuwa akisema. "Yeye akinyamaza, njia nyeupe."

Mwezi wangu wa kwanza nilikimbia jua nikajibanza chini ya kalavati. Sikulala, lakini usingizi ulikuwa unaninyemelea. Nilipofumbua macho vizuri nikaona miguu ya Nyapara. Hakugomba. Alinivua bendera mkononi, akampa mtu mwingine, na kwa wiki nzima akaniweka katikati ya genge, nikiwa nimeinama kama wenzangu, mgongo wangu ukiwa mikononi mwa mtu nisiyemwona. Nilikojoa damu kwa kazi ile, lakini hilo si kitu. Kitu ni ule woga. Siku ya kwanza nilinyanyua kichwa kila mpigo, na kila nikinyanyua Nyapara ananigusa begani, nainama. Kufika Ijumaa nilikuwa siangalii tena. Akanirudishia bendera. Jina langu halikwenda ofisini.

Haya ninayaeleza kirefu kwa sababu watu husema wanasiasa hatukufundishwa. Mie nilifundishwa vizuri sana.

Kwenye chama cha wafanyakazi niliingia kwa sababu ya mdomo. Mtu anayesimama peke yake siku nzima akirudi kwa wenzake ana maneno mengi, nami nilikuwa nayo: mabuti yaliyotoboka, makoti ya mvua tuliyoahidiwa masika ya juzi, mwenzetu aliyevunjika mguu akalazwa kwenye toroli mpaka jioni kwa kukosa gari. Wakanichagua katibu wa tawi. Nyapara alinipigia kampeni kwa namna yake, yaani alimtazama kila mtu usoni mpaka akanyoosha mkono.

Kilichonipa jina ni orodha. Zilipokuja habari za kupunguza wafanyakazi, kila mtu alijua kuna orodha mahali fulani, hakuna aliyeiona. Mimi niliiona. Karani mmoja alinifungulia faili wakati bosi wake yuko msikitini, nikasoma majina haraka, nikatoka bila kukimbia. Wangeweza kunifukuza siku ile ile. Sikungoja hata chai. Nilitembea mpaka kwenye genge, nikapuliza pembe ingawa hakuna treni, watu wakaweka chini nyundo, nikawasomea kutoka kichwani. Kufika alasiri magenge matatu yalikuwa yamekaa juu ya reli. Hatukuokoa wote, lakini karibu nusu ya majina yaliondolewa, na waliobaki kwenye orodha walipewa muda wa kujipanga badala ya kukuta jina ubaoni asubuhi. Wanaume wazima walinishika mkono kwa mikono miwili. Nyapara alikuwa miongoni mwa waliopunguzwa. "Angalau nimejua kabla," akaniambia. "Inatosha, mdogo wangu."

Naikumbuka siku ile kwa fahari, na sasa kwa chuki kidogo. Ndiyo siku nilipoonja utamu wa kujua kitu kabla ya wengine. Siku ile niliujua utamu ule kwa kuugawa. Baadaye nilijifunza kwamba unakaa zaidi ukiumeza peke yako.

Mimi mwenyewe niliondoka reli miaka michache baadaye, nikafungua duka la vifaa vya ujenzi Mtoni, na kutoka hapo chama cha siasa kikaniita. Walihitaji mtu anayejua kuongea na watu wa chini bila kuandikiwa. Nikawa diwani. Kata yenyewe siitaji. Ni huko huko upande wa Temeke, ambako reli inapita nyuma ya nyumba za watu. Nilipata kiti chenye jina langu, chupa ya maji kila kikao, na neno "Mheshimiwa" ambalo mwanzoni lilinifanya nigeuke nyuma kuona anaitwa nani. Baada ya mwaka nilikuwa nikilikosa nisipoitwa.

Kando ya reli ile walijenga watu wetu wengi, hasa wale waliopunguzwa. Nyapara alikuwa wa kwanza. Alijenga ndani ya hifadhi ya reli, mahali ambapo zamani genge lilikuwa linaweka vifaa, na ruhusa yake ilikuwa kidole cha mhandisi mmoja, sasa marehemu, aliyemwambia, "Mzee, jenga pale." Nguzo zake zilikuwa mataruma ya zamani, mbao ngumu nyeusi zisizoingiwa na mchwa. Alizaa humo, akamwoza binti humo, na mkewe aliyekuwa akitupikia uji wakati wa genge akaanza kuumwa presha humo.

Alama ya X nyekundu, ya kubomolewa, iliwahi kupigwa kwenye nyumba zile mara tatu. Mara ya kwanza watu walilia. Mara ya pili walikuja ofisini kwangu, nikahutubia, hakuna kilichotokea. Mara ya tatu kuna mama alianika kanga juu yake. Lakini haikuwa ujinga wala kiburi, kama walivyosema baadaye. Kila kulipokuwa na uvumi, watu walikwenda kwa Nyapara, na Nyapara aliwajibu hivyo hivyo. Nilimsikia kwa masikio yangu, kwenye msiba wa jirani, akiwaambia vijana waliotaka kwenda kukodi vyumba Mbagala: "Mtahama mara ngapi kwa uvumi? Sie tuna mtu wetu huko ndani. Yule ndo kazi yake kuangalia. Nyie akinyamaza, fanyeni mambo yenu."

Nilikuwa nimekaa mikeka miwili kutoka alipokuwa. Nilijisikia mkubwa.

Halafu ikaja Jumatatu moja, nikaitwa kwenye kikao kidogo. Ofisi siitaji nayo. Tulikuwa watu watano. Mmoja akafungua karatasi akasema kazi ya kusafisha hifadhi itafanyika Alhamisi ya wiki inayofuata, alfajiri, na kwamba taarifa rasmi itatolewa na wahusika kwa wakati muafaka. Nikauliza muafaka ni lini. Akanitazama kwa huruma. "Mheshimiwa, mkijua mapema mnakimbilia mahakamani, mnaleta zuio, tunakaa hapa miaka mingine mitano. Hili halitoki humu ndani. Na wewe kura za maoni si zinakuja?"

Hakunitishia zaidi ya hapo. Hakuhitaji. Wakati wa kura za maoni, chama kinapochagua wagombea, jina linaweza kukatwa huko juu bila maelezo, na mtu aliyekatwa hana wa kumuuliza. Niliogopa. Watu wanadhani woga wa namna hiyo unakuja na jasho na mapigo ya moyo, lakini wangu ulikuja na akili nyingi. Nilijiambia ni kweli wako kwenye hifadhi, siku yoyote ingefika. Nilijiambia nikiwa ndani ya udiwani nitawatafutia viwanja, nikiwa nje nitawatafutia nini. Nilijiambia pia kwamba labda Alhamisi itaahirishwa, maana hapa mjini kila kitu huahirishwa. Nilikuwa na sababu nyingi kuliko mtu asiye na hatia anavyohitaji.

Jumamosi nilikwenda kwa Nyapara. Nilikwenda kumwambia, au ndivyo ninavyopenda kukumbuka. Nilimkuta anaezeka. Mabati mapya aliyokuwa akiyakusanya moja moja tangu masika yalikuwa yameegemea ukuta, na ya zamani, yaliyotoboka, yako chini. Alikuwa amefika nusu ya paa. Ngazi yake ilikuwa ya kuungaunga, inacheza.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, mdogo wangu. Umekuja wakati mzuri. Nishikie hii, itaniua."

Nikaishika. Mkewe alikuwa mkekani anachambua mchele, mguu mmoja umevimba ameunyoosha mbele. Akanisalimia kwa utani wake wa siku zote, kwamba kitambi changu kimepata cheo kabla yangu. Nikacheka. Nyapara akapanda. Kila alipohitaji misumari alishusha mkono bila kuangalia chini, nami nikaweka mkononi mwake. Alipiga vizuri, misumari miwili mitatu kwa pigo moja moja, kama zamani. Alikuwa anaongea huko juu: kwamba mvua za mwaka huu hazitamkuta, kwamba chumba cha nyuma atamwekea mama dari ili joto lipungue, kwamba bati la siku hizi jepesi, lakini afadhali.

Nilifungua mdomo mara mbili. Mara ya kwanza akaomba nyundo nyingine. Mara ya pili hapakuwa na sababu yoyote.

"Diwani, mbona hunywi chai yako?" mkewe akauliza.

"Naisubiri ipoe, Mama."

"Imeshapoa. Una nini leo?"

"Uchovu tu. Vikao."

Hakuendelea kuchambua. Aliniangalia, mkono uko ndani ya ungo, na nikaanza kukagua miguu ya ngazi kana kwamba ndiyo iliyonileta. Nilimshikia mumewe ngazi karibu saa nzima. Alipomaliza alishuka, akarudi nyuma hatua chache kutazama, akanipiga mgongoni. Nikaaga. Siku tano zilikuwa zimebaki. Ndani ya siku tano mtu anaweza kung'oa mabati, milango, madirisha, kuhamisha vitanda na kumpeleka mgonjwa kwa mwanawe bila kukimbia. Nilizihesabu zote nikiwa nyumbani kwangu, moja moja.

Alhamisi walikuja alfajiri na makatapila mawili na askari. Mimi nilifika saa nne kasoro, kwa makusudi, wakati kazi imeshakuwa kubwa kiasi kwamba hakuna wa kuniuliza ningeweza kuzuia nini. Barabara ilikuwa imejaa makochi na masufuria. Nyapara alikuwa ameomba aachiwe atoe mabati, wakampa dakika chache, akatoa manne. Mengine niliyaona chini ya kifusi yamejikunja. Mataruma hayakuvunjika, yalisukumwa yakalala kama yalivyo. Mkewe alikuwa kwenye kiti cha plastiki katikati ya njia, amefunikwa shuka la kitanda.

Nilipiga kelele. Nilikuwa fundi wa kelele. Nilisimama mbele ya simu za watu zilizoinuliwa nikasema huu ni unyama, nikasema sikushirikishwa, nikasema nitakula nao sahani moja. Sauti ilinikauka kweli kweli. Ndipo mama mmoja muuza vitumbua, ambaye karai lake lilikuwa limekanyagwa, akasogea mpaka akanifikia.

"We ulikuwa unajua," akasema. Hakupaza sauti. "Diwani gani asijue? Ulikuwa unajua, ukatuachia tulale."

Watu wakanigeukia. Nyapara akainuka kutoka kwenye rundo la vitu vyake, vumbi mpaka kwenye kope.

"Mama, usimwonee," akasema. "Angejua angesema. Huyu nimemfundisha mie. Kwenye orodha alisema, angeweza kupoteza kazi. Leo anyamaze kwa lipi?"

Mama yule akamtazama, akanitazama, akarudi kuokota vitumbua vyake. Watu wengi pale walimheshimu Nyapara kuliko walivyonipenda mimi, na neno lake likatembea mtaa mzima kabla ya adhuhuri. Kura za maoni nilipita. Kwenye uchaguzi wenyewe alikuja bila kuitwa, akapanda jukwaani kwa shida, akarudia maneno yale yale kwa sauti ile ya chini, na uwanja mzima ukanyamaza ili umsikie. Nilishinda. Viwanja sikuvipata. Niliviombea kwenye kikao kimoja, nikaambiwa vitaangaliwa.

Nyapara na mkewe walihamia Kinyerezi, kwenye pagale la binti yao. Halikuwa na plasta wala milango ya ndani, na mlio wa mitambo ya umeme haukukatika kutwa. Mama hakuzoea. Kliniki yake ilikuwa Temeke, dawa zikawa zinarukwa, na mwezi wa saba akaanguka bafuni asiamke. Nilikwenda kwenye maziko na msafara wa gari mbili, nikapewa kiti cha mbele. Nilikaa.

Baada ya arobaini nilikwenda tena, safari hii peke yangu, bila dereva. Nilikuwa nimeamua. Sikuwa na sababu yoyote kubwa. Nilikuwa nimechoka tu kusifiwa na mtu yule. Nilisema moyoni nitamwambia kabla sijakaa, maana nikikaa nitaletewa chai, nikiletewa chai nitaongea habari za dunia.

Alikuwa ameketi nje kwenye tofali, amekonda, anaota jua la asubuhi. Nikaamkia. Akanishika mkono, hakuuachia, akanivuta nikakaa.

"Afadhali umekuja mwenyewe," akasema. "Nina neno, na sikutaka kulisema mbele ya watu."

"Nami ninalo, Mzee."

"Ngoja la kwangu, la kwangu dogo." Alikuwa anatazama chini. "Yule mama, Mungu amrehemu, hakukupenda mwishoni. Alisema ile siku ya kuezeka ulikuja unajua. Alisema aliiona kwenye uso wako, ulishindwa kunywa chai. Mie nikamkatalia. Nikamwambia anamsingizia mtu. Akawa kila siku ananirudia, kila siku, mpaka nikamwambia maneno mabaya, nikamwambia ugonjwa umeingia kichwani. Akanuna. Wiki ya mwisho tulikuwa hatusemeshani. Ananiandalia chakula, anaondoka. Alikufa hatusemeshani. Sasa nakuuliza mara moja tu, na sitakuuliza tena. Ulikuwa unajua?"

Nimesikia watu wakisema kuna uongo wa huruma, na wengine niliowahi kuwaeleza kisa hiki kwa kuzungukazunguka wamenipa neno hilo ili nilale. Silichukui. Nilimwangalia yule mzee, nikaona nikisema ndiyo nitamwua, na wakati huo huo nikaona nikisema ndiyo nitajulikana, na siwezi kuapa ni lipi nililoliona kwanza.

"Sikujua, Mzee," nikasema.

Akavuta pumzi ndefu, akaachia mkono wangu.

"Basi alikuonea," akasema. "Mungu amsamehe."

Nikaitikia amina.